Shajara ya mradi: bomba la Toms nyuma ya nyumba, Tanga

8 Machi 2025

Mwaka 1946, nchini Uingereza, mkemia B. A. Toms alikuwa akipitisha myeyusho wa polima ndani ya mrija ili aone kama minyororo mirefu ya polima hukatika inaposukumwa kwa nguvu. Polima yake ilikuwa polimethili methakrilati, yaani ile plastiki ngumu na angavu inayotumika mahali pa kioo, na kiyeyushi chake kilikuwa monoklorobenzini. Alichokikuta hakikuwamo katika swali lake. Kwa kanieneo ile ile, myeyusho ulipita kwa wingi zaidi kuliko kiyeyushi kitupu, mradi tu mtiririko uwe umeshavurugika. Aliwasilisha matokeo hayo mwaka 1948 huko Scheveningen, Uholanzi, kwenye kongamano la kwanza la kimataifa la rheolojia, yaani elimu ya namna vitu vinavyotiririka, yakachapishwa mwaka uliofuata, na hadi leo jambo hilo huitwa athari ya Toms.

Nimefundisha kemia na fizikia kwa miaka mingi na nimelisimulia jambo hili darasani bila kuliona kwa macho yangu. Mradi huu ni wa kulipa deni hilo: kujenga mtambo ambao shule ya kawaida inaweza kuumudu, na kuandika kila kilichoharibika ili atakayeunakili asikiharibu tena. Monoklorobenzini sitaigusa, kwa kuwa mvuke wake una madhara na inashika moto. Nitatumia maji, na polima zinazoyeyuka katika maji.

Leo nimefunga mtambo wa kwanza: pipa la lita 100 (shilingi 35,000), pampu ya umeme ya nusu farasi (95,000), na mpira angavu wa kipenyo cha ndani cha milimita 13, mita 8 (24,000). Pampu inavuta maji kutoka pipani, inayapitisha kwenye mpira, na maji yanarudi pipani. Nimenunua pia kilo moja ya poliakrilamidi, ile poda nyeupe ambayo mitambo ya kusafisha maji huitumia kukusanya tope (25,000), na mizani ya sonara inayopima sehemu ya kumi ya gramu (28,000).

15 Machi

Pampu ilikuwa kosa, na ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote katika shajara hii.

Kwa maji matupu, ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 41. Nikaongeza poliakrilamidi kiasi cha miligramu 20 kwa kila lita, ndoo ikajaa kwa sekunde 33, nami nikafurahi mno hata sikuona haraka ya kurudia kipimo. Dakika kumi baadaye, pampu ikiwa bado inazungusha maji yale yale, nilipima tena nikapata sekunde 39. Nilipotoka kunywa maji na kurudi, zilikuwa 41 kamili, kana kwamba sikuwahi kutia kitu chochote pipani.

Nilitafuta tundu, nikatafuta hewa iliyonaswa kwenye mpira, nikakagua chujio la pampu. Ilinichukua hadi jioni kukumbuka kwamba jibu lilikuwa katika sentensi ya kwanza niliyoiandika juma lililopita: Toms alikuwa akichunguza kukatika kwa minyororo. Mapanga ya pampu yanazikata molekuli kila zinapopita, na kinachofanya kazi katika athari hii ni urefu wa mnyororo, wala si uzito wa polima iliyomo majini. Polima yangu ilikuwa bado mle mle pipani, gramu kwa gramu, ila ilikuwa imekatwakatwa vipande vifupi visivyo na faida.

Wenye mabomba ya mafuta wanalijua hili vizuri. Bomba kuu la Alaska, lenye kipenyo cha inchi 48, lilianza kutiwa polima ya kupunguza msuguano mwaka 1979 ili lipitishe mafuta mengi zaidi bila kujengewa vituo vipya, na polima hiyo huingizwa baada ya pampu, kamwe si kabla yake. Kila kituo cha pampu huua ile iliyotangulia, kwa hiyo hutiwa nyingine upya. Kama ningeisoma habari hiyo kwa makini, shilingi 95,000 zingekuwa bado mfukoni.

Uamuzi: hakuna pampu. Maji yatashuka kwa uzito wake yenyewe, mara moja tu, na hayatarudishwa pipani kupimwa tena.

5 Aprili

Kazi ilisimama hadi baada ya Idi, kwa kuwa fundi bomba anayenisaidia alikuwa amefunga na sikutaka apandishe mbao juani. Sasa mnara umesimama: mbao na misumari 68,000, ufundi 30,000, viungo, koki na gundi 19,000. Pipa limekaa juu, na kutoka alama ya maji niliyoichora pipani hadi mdomo wa kutokea kuna takriban mita 2.5. Chini yake mpira wa mita 6 umelazwa juu ya ubao ulionyooka, ukifungwa kila nusu mita ili usijipinde. Koki ni ile ya kufungua kwa robo mzunguko, ambayo ikifunguliwa yote haizuii njia.

Ili nisitegemee saa peke yake, nimetoboa mpira mahali pawili, mita 1.5 na mita 4.5 kutoka mwanzo, na kusimamisha kwenye kila tundu mrija angavu wa mita 2 uliobanwa ukutani pamoja na tepu ya kupimia. Tofauti ya kimo cha maji katika mirija hiyo miwili inaonyesha ni kiasi gani cha kanieneo kimeliwa na msuguano katika mita 3 za katikati, mbali na vurugu za mwanzo na mwisho wa bomba.

Hapo palitokea mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, keekee iliacha ukingo wa plastiki uliochomoza kwa ndani, na vipimo vikawa vinapanda na kushuka bila mpango, vikitofautiana kwa sentimita 8 hadi 10 kwa maji yale yale. Nilitoboa upya kwa msumari wa moto, kisha nikapitisha kijiti kilichozungushiwa msasa laini ndani ya mpira hadi kidole kisihisi ukingo wowote. Pili, viputo vya hewa hujificha kwenye kiungo cha mrija na kudanganya kimo. Dawa yake ni kuziba mdomo wa kutokea kwa kidole kwa muda mfupi huku koki ikiwa wazi, ili maji yapande kwenye mirija yote miwili na kufukuza hewa, ndipo upime.

Baada ya hapo maji matupu yalitulia: lita 20 kwa sekunde 80, mara tatu mfululizo, na tofauti ya kimo sentimita 102. Kasi yake ni karibu mita 1.9 kwa sekunde, na namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au umevurugika, ni kama 29,000, yaani mbali sana juu ya mpaka wa 2,300 hivi ambapo mtiririko tulivu huanza kuvurugika bombani. Msuguano nilioukokotoa unalingana na ule wa vitabuni kwa bomba laini. Kwa kuwa kiwango cha pipa hushuka sentimita kadhaa kila ndoo inapojaa, kila kipimo nitakianza kwenye alama ile ile.

12 Aprili

Leo sikupima mtiririko hata mara moja. Siku nzima ilikwenda kwenye kuyeyusha.

Poda ya poliakrilamidi ukiimwaga majini kwa pamoja hufanya madonge: nje yake yanageuka utelezi mara moja, na ndani poda inabaki kavu, haifikiwi na maji hata ukiyaacha siku mbili. Nilipata madonge ya ukubwa wa punje za mahindi, nikayaminya kwa kijiko, yakateleza. Kwa kukosa subira nikachukua mashine ya kusagia juisi. Kwa nusu dakika myeyusho ukawa laini na mzuri kuutazama, nikaumimina pipani, na ndoo ikajaa kwa sekunde 79. Nilikuwa nimerudia kosa la pampu kwa chombo kingine. (Mashine hiyo nayo ilihitaji kuoshwa mara nne kabla ya kuruhusiwa kurudi jikoni.)

Njia iliyofaulu ni hii. Gramu 5 za poda, ambazo hazizidi sana kijiko cha chai, huloweshwa kwanza kwa spiriti kidogo hadi ziwe kama mchanga mbichi, kisha hunyunyizwa kidogo kidogo kwenye lita moja ya maji yanayozungushwa taratibu kwa mwiko. Poda ikishasambaa, acha kukoroga, funika, na uache usiku kucha. Asubuhi utakuta kitu kinachofanana kabisa na mlenda: ukiinua mwiko, uzi unanyooka nao hadi kimo cha kifua, na ukiukata kwa kidole unarudi chomboni wenyewe. Uzi huo ndio alama yangu sasa. Myeyusho wa mashine ya juisi haukuwa nao, ulidondoka matone kama maji.

Lita hiyo moja ikichanganywa na maji ya pipa hadi kufika lita 100, unapata miligramu 50 kwa lita. Uchanganye kwa kipande cha ubao, polepole, kwa dakika kumi na tano.

19 Aprili

Fundi alikuja kuangalia, akachovya mwiko kwenye lita ya myeyusho mzito na kutikisa kichwa. "Mwalimu, ukiyatia mlenda maji, si yatakwama?" Nilimwomba ashike simu yenye saa.

Maji matupu yalitoa sekunde 80, kama kawaida. Kwa miligramu 50 kwa lita, ndoo ilijaa kwa sekunde 58. Tukarudia kwa sehemu nyingine ya pipa, tukapata 58 tena. Tofauti ya kimo kwenye mirija ilishuka kutoka sentimita 102 hadi 82, ingawa maji yalikuwa yakienda kwa kasi kubwa zaidi, na hapo ndipo fundi alipoacha kuitazama saa na kuanza kuitazama mirija. Nilipokokotoa kwa kulinganisha na maji matupu ya kasi hiyo hiyo mpya, msuguano ulikuwa umepungua kwa asilimia 54 hivi. Hata mchirizi unaotoka mdomoni ulibadilika sura: wa maji matupu una ngozi iliyokunjamana na matone yanaruka pembeni, lakini huu ulitoka laini na kung'aa kama fimbo ya kioo hadi karibu na ndoo.

Kwa miligramu 100 tulipata sekunde 55, na kwa 200 tukapata 55 zile zile. Kuongeza polima bila kikomo hakusaidii, na mtafiti P. S. Virk alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kuna mpaka wa chini ambao msuguano hauuvuki, hata polima iwe nzuri au nyingi kiasi gani. Sidhani kwamba mimi nimefika kwenye mpaka huo. Kwa namba yangu ya Reynolds mpaka wenyewe uko karibu na upungufu wa asilimia 77, na ninashuku kuwa baadhi ya minyororo hukatika kwenye koki na kwenye mlango wa mpira, mahali ambapo maji hubanwa ghafla.

Fundi alitaka kujua polima inafanya nini hasa humo ndani, nami nilimpa jibu ambalo wataalamu wengi wanakubaliana nalo kwa sehemu yake ya kwanza tu. Karibu na ukuta wa bomba maji yenye vurugu huzaa vizingia vidogo, yaani mizunguko midogo ya maji, na vizingia hivyo ndivyo vinavyokula nguvu. Mnyororo mrefu, ambao majini hukaa umejikunja kama fundo la uzi, hunyooshwa na mvutano wa vizingia na kuvizuia visikue. Kuhusu namna unavyovizuia, J. L. Lumley alishikilia kwamba minyororo iliyonyooka huyafanya maji ya mahali pale kuwa kama mazito zaidi dhidi ya kunyooshwa, naye P. G. de Gennes akaweka mkazo kwenye unyumbufu wake, yaani kuchukua nguvu na kuirudisha kama mpira. Kwenye kongamano lile lile la 1948, mwanahisabati J. G. Oldroyd alikuwa amependekeza kwamba huenda maji yanateleza ukutani. Wazo hilo la mwisho halikudumu, ila lilikuwa sahihi katika kuelekeza macho ukutani.

Tahadhari: lita moja hivi ilimwagika sakafuni, na sakafu ya saruji ikawa haikanyagiki. Nilianguka nikaumia kiwiko. Maji ya kusuuza hueneza utelezi badala ya kuuondoa. Mwaga mchanga kwanza, zoa, ndipo usuuze.

3 Mei

Shule nyingi hazitapata poliakrilamidi kwa urahisi, kwa hiyo nilijaribu vitu vya jikoni. Unga wa gwari, unaotokana na mbegu za mmea wa jamii ya kunde na hutumiwa na watengeneza aiskrimu, niliuagiza Dar es Salaam: gramu 250 kwa 22,000, na 5,000 za basi. Gramu 30 katika lita 100 zilitoa sekunde 69 na tofauti ya kimo ya sentimita 93, ambayo ni upungufu wa msuguano wa asilimia 29. Haukunipa taabu yoyote ya kueleza.

Bamia ndiyo iliyonipa taabu. Nilinunua kilo 2 (6,000), nikazikatakata, nikaziloweka saa tatu katika lita 8 za maji ya mvua na kuchuja kwa kipande cha chandarua. Kipande hicho kilipitisha nyuzi zilizokwama kwenye koki, na kipimo cha kwanza kikatoka kibaya kuliko maji matupu, sekunde 91. Nikachuja upya kwa kitambaa cha pamba mara mbili. Safari hii nilipata sekunde 73 na sentimita 98, yaani upungufu wa asilimia 18. Nilikausha mililita 100 za mchujo kwenye sufuria na kupima mabaki, nikaona kwamba pipani kulikuwa na kama miligramu 700 za vitu vikavu kwa lita, ingawa sehemu yake ni sukari na chumvi zisizohusika. Kwa mboga iliyotoka sokoni asubuhi, nimeridhika.

Pipa la bamia nililiacha usiku kucha ili nirudie kipimo mchana. Asubuhi lilinuka, na ndoo ikajaa kwa sekunde 80. Vijidudu vilikuwa vimekula ute wote. Nikatengeneza mchujo mwingine na kuutia dawa ya klorini ya kufulia, kifuniko kimoja, ili usioze. Kweli haukuoza, haukunuka, na haukupunguza msuguano hata kidogo. Nilipotia kifuniko kile kile kwenye myeyusho mpya wa poliakrilamidi, ambao hauozi kwa siku moja, nao ulirudi sekunde 78 ndani ya saa chache. Klorini huikata minyororo kwa njia ya kemia kama pampu inavyoikata kwa mapanga.

Jambo hili linagusa pia maji ya bomba la mjini, ambayo hutiwa klorini. Tangu mwanzo nimekuwa nikitumia maji ya paa kwa sababu tu ni masika na hayana bili, na bila kujua nilikuwa nimejiepusha na tatizo ambalo lingeniyumbisha kwa majuma. Atakayenakili mradi huu wakati wa kiangazi aache maji ya bomba kwenye ndoo zilizo wazi juani siku nzima kabla ya kuyatumia. Bamia zipimwe siku ile ile zilipochujwa.

17 Mei

Jaribio ambalo bila hilo mengine yote yana shaka. Kama ni kweli kwamba polima hufanya kazi kwa kuvizuia vizingia, basi pasipo na vizingia haina la kufanya, na uzito wake ndio unapaswa kuonekana.

Nilitumia mpira wa dripu (2,000), kipenyo cha milimita 3, urefu wa mita 2, na kimo cha maji cha sentimita 32 tu. Namba ya Reynolds hapo ni takriban 1,660, kwa hiyo mtiririko ni tulivu. Nusu lita ya maji matupu ilipita kwa dakika 2 na sekunde 30. Nusu lita ya myeyusho wa gwari, ule ule wa miligramu 300 kwa lita uliokuwa ukiyashinda maji kwenye mpira mkubwa, ilichukua dakika 3 na sekunde 28.

Mara ya kwanza nilikuwa nimepata tofauti ndogo kuliko hiyo, nikagundua kwamba mpira ulikuwa umejikunja karibu na chombo. Ulazwe juu ya meza, unyooke wote, na mdomo wake uzame ndani ya maji ya chombo cha kupokelea, la sivyo matone yanayoning'inia yanapotosha kimo.

Fundi aliposikia matokeo alisema kwamba basi hakukosea tangu siku ile, ila alikuwa akizungumzia bomba jingine. Nimemkubalia.

31 Mei

Jumla ya matumizi ni shilingi 359,000, na ukiondoa pampu ni 264,000. Pampu nimeiuza kwa 60,000 kwa jirani mwenye kisima. Kwa anayetaka athari ya Toms ionekane tu darasani, mirija ya kupimia kimo na mpira wa dripu vinaweza kusubiri, kwa kuwa sekunde 80 dhidi ya 58 zinaonekana na mwanafunzi wa mwisho nyuma. Mnara nao si lazima kama shule ina ghorofa au tangi la juu, mradi mpira ulazwe umenyooka na usiwe mfupi kuliko mita 4. Ukiwa mfupi zaidi, hasara ya mlangoni inakuwa sehemu kubwa ya hasara yote, na faida ya polima inafichika.

Nilibadili pia namna ya kuingiza maji kwenye mpira: badala ya tundu lililokatwa kwa kisu ubavuni mwa pipa, nimefunga shingo ya chupa iliyogeuzwa ili maji yaingie yakijikusanya taratibu. Kwa maji matupu sekunde zilishuka kutoka 80 hadi 79 tu. Kwa miligramu 50 za poliakrilamidi zilishuka kutoka 58 hadi 55.

Myeyusho uliotumika nimeumwaga kwenye tuta la mchicha, mbali na mfereji unaoelekea baharini. Gramu 900 na zaidi za poda zimebaki, zimefungwa ndani ya chupa kavu, kwa maana ikipata unyevu wa Tanga itageuka donge moja.